Uzi wa manjano kwenye glavu za wachomelea vyuma

Lubumbashi, komini Kenya. Wachomelea vyuma wa mji huu, wale ambao mtaani wanaitwa masudere, hawakosi kazi: milango ya chuma, vyuma vya madirisha, mabati ya kuziba, miguu ya vitanda. Glavu zao za ngozi ndizo zisizodumu. Ngozi yenyewe inavumilia miezi, lakini mshono ulio kati ya kidole gumba na kiganja unafunguka mapema, kwa sababu hapo ndipo cheche zinapokusanyika. Glavu mpya ni pesa. Kwa hiyo mkubwa wa karakana anamtuma kijana apeleke ya zamani kwa mshonaji.

Mama mmoja anayeshona vikwembe na yunifomu za shule alikuwa akipokea glavu hizo bila wasiwasi. Alizishona kwa uzi mweusi wa poliesta, mistari miwili, na kwa macho ilikuwa kazi safi. Kisha glavu moja ikarudi, na safari hii aliyeileta alikuwa mkubwa wa karakana mwenyewe.

«Mama, uzi wako umeoza.»

«Papa, hauozi huo. Vuta mwenyewe.»

Alivuta, ukakataa kukatika. Lakini kijana wake alikuwa nyumbani na mkono umefungwa. Alikuwa anachomelea bawaba ya geti juu ya kichwa chake, cheche zikatua kwenye mshono, uzi ukayeyuka, na tone la chuma likaingia ndani ya glavu. Mpaka alipofaulu kuivua, shina la kidole gumba lilikuwa limeungua. Mtu asiyeweza kukunja kidole gumba hawezi kushika koleo ya kuchomelea, na katika karakana za mtaani siku usiyofanya kazi hulipwi. Hakuna mkataba na hakuna bima.

Ubishi wa wale wawili ulikuwa wa haki kwa pande zote. Uzi ulikuwa na nguvu kweli. Ila nguvu ya kuvutwa ni jambo moja, na kuvumilia moto ni jambo jingine. Poliesta inayeyuka kwenye digrii 260 hivi. Chuma cha pua kinayeyuka karibu na digrii 1500, na kila cheche ni kipande chake. Mshonaji hakuwa na njia ya kulijua hilo kwa kuangalia rangi ya kibobini.

Alichofanya baadaye ndicho kinachostahili kusimuliwa. Aliichukua ile glavu akatafuta mshono wa kiwandani uliobaki mzima upande wa kidole kidogo. Uzi wake ulikuwa wa manjano. Akatoa kipande, akawasha mshumaa. Uzi mweusi ulijikunja mara moja, ukawa kishanga cheusi, kisha ukadondoka. Uzi wa manjano ulishika weusi kwenye ncha tu, na alipouondoa kwenye moto ulizimika wenyewe, bila kudondosha kitu. Akajaribu kuukata kwa meno kama washonaji wote wanavyofanya. Meno yalishindwa. Mkasi nao uliutafuna badala ya kuukata.

Uzi huo ni wa aina inayoitwa aramidi, na jina lake linalojulikana zaidi ni la kibiashara, Kevlar. Aliyeuanzisha ni mwanamke, Stephanie Kwolek, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani. Alizaliwa mwaka 1923 katika jimbo la Pennsylvania, na kupenda vitambaa na cherehani alikurithi kwa mama yake. Utotoni aliwahi kufikiria kuwa mbunifu wa mavazi. Aliingia kwenye maabara mwaka 1946 akikusudia kukusanya pesa za kusomea udaktari, lakini kemia ikamshika. Mwaka 1965 kampuni ilikuwa inatafuta nyuzi nyepesi na kali za kuimarisha matairi ya magari. Kwolek akapata mchanganyiko wa ajabu, mwepesi kama maji na wenye ukungu, wakati michanganyiko ya kawaida ilikuwa mizito na angavu. Fundi wa mashine ya kusokota alikataa mwanzoni, akiogopa kwamba utaziba matundu yake. Kwolek hakukubali kuumwaga. Ulipopita kwenye mashine, ukatoa uzi ambao, uzito kwa uzito, una nguvu mara tano kuliko chuma cha pua. Alifariki mwaka 2014.

Siri iko kwenye mpangilio. Katika nyuzi nyingi, minyororo midogo inayozijenga imejikunja ovyo kama nywele zisizochanwa. Katika aramidi imelala sambamba kama matete kwenye mzigo, na kila tete limefungamana na jirani yake. Ndiyo maana haiyeyuki: joto likizidi sana, kupita digrii 400, inageuka makaa bila kuwa majimaji. Na kwa kuwa haiyeyuki, kiwandani inabidi iyeyushwe ndani ya asidi kali ya salfuriki kabla ya kusokotwa. Ni asidi ile ile ambayo malori yanaibeba kila siku kuelekea Likasi na Kolwezi kwa kazi ya shaba.

Lakini uzi huu una maadui. Jua linaudhoofisha, ukianikwa muda mrefu unageuka kahawia na kupoteza nguvu. Javel pia inauharibu, na ni mama wangapi hapa wanaofua bila javel? Halafu kuna imani isiyo sahihi kwamba fulana yoyote ya Kevlar inazuia risasi yoyote. Fulana laini inazuia risasi za bastola. Risasi ya Kalashnikov inaipita, isipokuwa imewekewa bamba gumu mbele na nyuma. Anayemuuzia mlinzi au mwandishi wa habari fulana hiyo bila kumwambia hivyo anacheza na maisha ya mtu.

Mshonaji alikuwa na shida nyingine: uzi huo hauuzwi kwenye meza za sokoni. Jibu alilipata kwenye takataka za karakana zenyewe. Watu wanaobeba mabati na vioo wanavaa glavu nyembamba za manjano zilizofumwa kama sweta, za nyuzi zile zile. Kiganja kikitoboka zinatupwa, huku sehemu ya kifundo ikiwa bado nzima. Alizifumua kuanzia kifundoni, kama watu wanavyofumua sweta ya mtumba ili wapate sufi, na kila glavu ikampa mita nyingi. Kwanza anajaribu kipande kwenye mshumaa, maana rangi ya manjano peke yake haithibitishi kitu. Nyuzi nzuri anazihifadhi ndani ya kopo la maziwa lenye kifuniko, mbali na jua. Anashona kwa mkono, kwa sindano ya ngozi. Zamani alipaka uzi nta ili upite vizuri. Sasa ameacha, kwa sababu nta inashika moto.

Kazi iliyokuwa ya dakika ishirini kwenye cherehani sasa inakula nusu ya siku, na bei imepanda. Wakubwa wawili wa karakana walikataa, wakaenda kwa washonaji wanaotumia poliesta. Mtu anaweza kuelewa hesabu zao, lakini mkono unaoungua katika hesabu hiyo si wao. Yule mwenye kijana aliyeumia alibaki, baada ya mabishano marefu. Analipa pesa kidogo, na juu yake glavu mbili chakavu za manjano kwa kila kazi.

Kijana mwenyewe amerudi kazini, ingawa kidole gumba hakifunguki chote. Alipoleta glavu mara ya kwanza tangu aungue, alimwomba mshonaji awashe mshumaa.

«Mama, nichome mimi mwenyewe nione.»

Akamkatia kipande cha urefu wa kidole, akampa.