Chupa ya Bia Jikoni kwa Mlokole

Nilikulia Kinoo, katika nyumba ambamo samaki hakuliwa na bia haikutajwa. Nyanya, Mkikuyu wa enzi zake, alimweka samaki kundi moja na nyoka. Habari ya bia ilimalizwa na kanisa: sisi ni Wapresbiteri wa upande wa Thogoto, walikotua wamisionari wa Kiskoti mwaka 1898. Ukubwani ndipo nilipojua kwamba huko kwao samaki aliyevikwa unga na kukaangwa ni chakula kipenzi. Hilo hawakutufundisha.

Nilionjea mjini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa karibu na barabara ya Tom Mboya, na wenzangu wakanivuta kwenye duka la chipsi na samaki. Nikanogewa. Tangu hapo mshahara ukiingia nilibeba samaki wa kupeleka nyumbani Kangemi, na kila mara jam ya Westlands ilimmaliza: mvuke ukijifungia ndani ya karatasi, gamba lote la unga hulegea.

Aliyenigeuza ni jirani yangu, mzaliwa wa Siaya.

“Dada, huyu wa kukauka hasafiri,” aliniambia. “Nunua mbuta ukaange hapa hapa.”

Mbuta nilimjua kwa mgongo wazi tu, ule mfupa unaobaki viwanda vya Kisumu vikishatoa minofu ya kuuza ng'ambo, unaokaangwa na kuuzwa mitaani. Jirani akanipeleka City Market, pale Muindi Mbingu, akanionyesha mnofu mnene, mweupe, usio na harufu kali. Halafu akanituma bia ya kukorogea rojo la unga.

Niliogopa kuonekana dukani kuliko nilivyoogopa mafuta ya moto. Nilinunua Tusker, nikaifunga ndani ya leso.

Kazi ya bia nimeielewa kwa kupika. Ina kaboni dioksidi. Rojo likigusa mafuta, gesi hiyo hutanuka na kuacha vitundu vidogo ndani ya gamba. Kileo nacho huchemka kwenye nyuzi 78 hivi, mapema kuliko maji, kwa hiyo gamba hukauka kabla mnofu haujakakamaa. Tena hupunguza ule mnato wa unga wa ngano tunaoutaka kwenye chapati na tusioutaka hapa.

Basi nachanganya unga wa ngano na konafulawa kidogo, chumvi na pilipili manga. Bia iliyotoka kwenye friji namimina mwisho kabisa, mafuta yakiwa tayari, nikikoroga mara chache tu. Mabonge machache hayaniumizi kichwa. Mnofu naupangusa mpaka ukauke, naupaka unga mkavu ndipo rojo lishike. Mafuta yawe nyuzi 180 hivi. Asiye na kipimo adondoshe tone la rojo: likizama kisha likaibuka haraka likitoa povu, yamefika. Vipande viwili viwili kwenye karai, kwani vikijazana mafuta hupoa na samaki huyanywa. Akiiva, namweka juu ya waya. Gazeti, ambalo Nairobi nzima tunalitumia, humlainisha upande wa chini.

Ningali mlokole, na sidanganyi watu kwamba kileo chote huyeyuka motoni. Kiasi hubaki, hata kama ni kidogo, kwa hiyo mgeni namwambia kabla hajanyoosha mkono. Kwa Mwislamu, kwa aliyeacha pombe, na kwa mama yangu, natumia maji ya soda baridi. Gamba lake hukauka vizuri, ila rangi hupauka na ule uchungu mtamu wa bia haupo.

Wazazi wakija kutoka Kinoo naandaa sahani mbili. Mama huuliza kila mara ya soda ni ipi, nami namwonyesha. Baba ni mzee wa kanisa. Hajawahi kuuliza.