Saa Mbili Usiku ni ya Nani?

Usiku mmoja wa mwezi wa Rajab nilimkuta mwanangu wa miaka saba amelala juu ya mkeka, juzuu ya Amma ikiwa kifuani mwake. Nilikuwa nimemuahidi kumsomesha baada ya Sala ya Isha. Niliporejea kutoka msikitini niliketi kutazama tamthilia, nikijiambia kuwa ikimalizika tutasoma. Ilipomalizika ikaanza nyingine. Saa nne ikapita.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Juma lile lile nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, katika kumbukumbu za kikao, kwamba wazazi wanalikimbia darasa la jioni kwa sababu ya televisheni. Usiku ule kalamu yangu ilinisuta.

Nikaona ni vyema nijue ni elimu gani hii inayoweza kumkalisha mtu mzima asinyanyuke. Nikaanza kusoma habari za Wamarekani, ambao kwao kupanga vipindi vya usiku ni taaluma kamili. Mitandao yao mikubwa ya televisheni ya kibiashara, ABC, CBS na NBC, huumiliki muda wa kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku kwa majira ya mashariki; katika majimbo ya kati hutangulia kwa saa moja. Jumapili huanza saa moja usiku. Fox huishia saa nne.

Hakuna kinachowekwa ovyo. Kipindi chenye watazamaji wengi hutangulizwa ili kiwakabidhi watazamaji hao kwa kinachofuata. Kipindi kichanga hulazwa baina ya viwili vyenye nguvu, mfano wa mtoto kati ya wazazi wake. Usiku wa Alhamisi uligombewa kwa miaka mingi, kwa kuwa wenye biashara walitaka kuwafikia watu kabla ya matumizi ya mwisho wa juma. Kampuni ya Nielsen huhesabu watazamaji, na hesabu za Novemba, Februari, Mei na Julai zina uzito wa pekee katika kupanga bei ya matangazo ya vituo vya mijini mwao. Bidhaa yenyewe, ndugu msomaji, si kipindi. Bidhaa ni mtazamaji, na aliyetafutwa zaidi kwa miaka mingi ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 49; yaani baba na mama walio katika umri wa kulea.

Hata huko wapo waliopata wasiwasi. Mwaka 1975, kwa msukumo wa mwenyekiti wa tume ya serikali ya mawasiliano, mitandao ilikubali kuwa saa ya kwanza ya usiku iwe ya vipindi vinavyofaa familia. Waandishi na watayarishaji wa vipindi wakaenda mahakamani, na mwaka 1976 jaji mmoja mjini Los Angeles akaamua kuwa shinikizo lile lilivunja uhuru wa kusema uliomo katika katiba yao.

Hapo nikapata funzo langu. Saa ya mtoto haitalindwa na serikali wala kituo cha televisheni. Mchunga wake ni mzazi, naye ndiye atakayeulizwa. Dini yetu imetupangia siku nzima kwa nyakati maalumu za Sala, na Allah (S.W.) ameapa kwa wakati, vipi basi tuwaachie wauzaji watupangie usiku?

Kikao kilichofuata sikuilaumu televisheni. Niliieleza kamati habari ya mkeka ule, nikaomba darasa letu, ambalo lilikuwa likianza kwa kuchelewa na kumalizika watoto wakisinzia, lianze mara baada ya Maghribi na likome kabla ya Isha. Wazee waliridhia. Siku zisizo na darasa, muda huo ni wangu na mwanangu, na televisheni huwa imezimwa.

Juzi nilichelewa kurudi kazini. Nilimkuta mlangoni, juzuu mkononi, akaniuliza, “Baba, leo hakuna kipindi?”

Nilivua viatu, nikatawadha haraka, tukaketi.

Wabillahi tawfiq.