Binamu hakurogwa, wadudu wamo kwenye mishipa!

Kama unatoka kwetu Mara kuna maneno unayajua bila kufundishwa. Kijana akilalamika tumbo miezi nenda rudi, wa mjini watamwambia ana vidonda vya tumbo, aache pilipili na maharage. Wa kijijini wataulizana alikula kwa nani. Akitapika damu ndiyo kabisa, kesi imekwisha: kapewa sumu au karogwa.

Mimi nina binamu, mvuvi wa dagaa Musoma. Jamaa ana kifua, na Jumapili akitoka na shati lake la pasi lazima umwangalie. Lakini tangu utotoni tumbo lake lilikuwa halitulii. Anaharisha, anapona, anaharisha tena, mara nyingine choo kina damu na makamasi. Duka moja la dawa kule Bunda lilimuuzia dawa za vidonda vya tumbo hadi akawa mteja wa kudumu.

Mwaka 2022 alikwenda Butiama kumsalimia mjomba wake, ambaye kwangu ni baba mkubwa. Usiku akatapika damu, beseni likakaribia nusu. Butiama kijijini kuko mbali na ziwa, basi hakuna aliyewaza habari ya maji. Kikao cha ukoo kikakaa hapo hapo. Baba mkubwa akasema apelekwe kwa mganga. Shangazi akakataa katakata: "Kaka, hela hii ni nauli ya hospitali, si ya mbuzi wa mganga."

Hospitali wakamshusha kamera kooni. Kumbe mishipa ya damu kwenye njia ya chakula imevimba kama mizizi ya mti, na mmoja umepasuka! Wakaifunga kwa vipira vidogo, damu ikakata. Chanzo chake? Kichocho.

Najua unashangaa. Si kichocho ni kile cha watoto kukojoa damu? Hicho ni kimoja, bwana. Kipo kichocho cha tumbo, na ndicho kinachotamba mwambao wa Ziwa Victoria. Minyoo wake hawakai ndani ya utumbo kama wengine. Wanaishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo, jike kakumbatiwa na dume lake, miaka mitatu, mitano, hata zaidi. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, ndiye aliyewagundua minyoo wa kichocho mwaka 1851 kule Cairo, akipasua maiti.

Mapenzi hayo yana gharama. Jike anaweza kutaga mayai kama 300 kwa siku. Mengine yanapenya ukuta wa utumbo na kutoka na choo. Mengine yananasa humo humo, mwili unapambana nayo, utumbo unavimba na kuvuja damu. Mengine yanasombwa hadi kwenye ini na kuacha makovu. Sasa damu inayotoka utumbo kwenda ini ikikuta njia imebanwa, inatafuta vichochoro. Bandama linavimba, mishipa ya kooni inajaa, siku moja inapasuka. Hapo ndipo jirani anatajwa kuwa mchawi.

Ugonjwa unaingiaje? Mgonjwa anajisaidia ziwani, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wa majini. Baada ya wiki kadhaa vinatoka vingine vinavyotoboa ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu. Huhitaji kunywa hayo maji, kuyakanyaga tu kunatosha.

Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Vidonge vinapimwa kwa uzito wako, na shuleni watoto hupimwa kwa urefu. Inaua minyoo, lakini haikuzuii kuambukizwa tena ukirudi majini. Na mishipa ikishavimba, vidonge peke yake havitoshi. Binamu mpaka leo anarudi kuangaliwa koo.

Kinachoniuma ni hiki: kampeni za kugawa dawa hizo zinalenga sana watoto wa shule. Sisi tuliokwisha kumaliza, wavuvi, dada wanaofua ufukweni, washikaji wanaojitosa ziwani baada ya mpira, hatumo kwenye foleni ile. Na sisi ndio tunaoshinda majini!

Kwa hiyo wewe wa Makoko, wewe wa Mwigobero, na wewe wa Guta kule Bunda, tumbo likisumbua usiishie duka la dawa. Nenda kituo cha afya, mwambie daktari unashinda ziwani, omba choo kipimwe kichocho. Wakikuambia ulete na cha siku nyingine usinune, mayai huweza kukosekana siku moja yakaonekana nyingine. Aibu ya kubeba kikopo ni ya dakika mbili tu.