Jina Halijatoka: Ulemavu, Isiolo na Uingereza

Mteja wangu hapa Leicester, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, alipimwa kwa mita. Anaweza kusimama na kutembea, ila hapiti mita 20. Katika mfumo wa PIP wa malipo ya ulemavu, ambao Uingereza ilianza kuutumia mwaka 2013, hilo pekee ni alama 12, na alama 12 zinampa kiwango cha juu cha fedha za usafiri. Kupika, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kila kimoja kina alama zake. Kwa viwango vya 2025, aliyepata kiwango cha juu pande zote mbili, usafiri na shughuli za kila siku, alilipwa pauni 187.45 kwa wiki, zaidi ya shilingi 30,000 za Kenya. Sisi tunaomwogesha, tulioingia kwa viza ya kazi, haturuhusiwi kuomba misaada hiyo. Kodi lakini tunakatwa.

Kwetu Isiolo, Kenya, mtaa wa Bulapesa, binti ya dada yangu ana mtindio wa ubongo. Ana miaka kumi na miwili na mama yake bado humbeba mgongoni, maana kiti cha magurudumu kwenye mchanga ule ni mzigo wa pili. Binti huyo ana bahati: yumo kwenye Inua Jamii, misaada ya fedha ya serikali. Mpango wake wa wenye ulemavu mkali, ulioanza 2011, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini yenye mtu anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana, na pesa hupokewa na mlezi. Zikichelewa, na huchelewa, dada hukopa daipa na unga dukani. Mwenye duka zamani aliuliza zitaingia lini. Siku hizi anauliza kama zitaingia.

Na huyo ni wa mjini. Mtu wa Merti, zaidi ya kilomita 200 kutoka Isiolo, akihitaji kumleta mjini mtoto asiyeweza kukaa ili daktari amtathmini apate kadi ya ulemavu, nauli na malazi humlia pesa za miezi kadhaa kabla hajapokea hata senti.

Nikipiga simu nyumbani, watu husema tofauti ni pesa tu. Tusidanganyane, pesa ni tofauti kubwa. Lakini mimi ninachokionea wivu ni barua. Mteja wangu alipokataliwa mara ya kwanza, aliletewa barua inayoonyesha amepewa alama ngapi kwa kila kipengele na kwa nini. Alikuwa na mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, kisha mahakama maalumu ya rufaa. Waingereza nao si malaika: fomu yenyewe ni kurasa nyingi za kumlazimisha mtu aandike aibu zake zote, na katika zaidi ya nusu ya rufaa za PIP zinazofika mahakamani, mwombaji hushinda. Yaani wengi walinyimwa haki yao hapo mwanzo. Ila walijua wamenyimwa nini, na nani.

Jirani ya dada yangu ana kijana asiyeinuka kitandani. Jibu alilopewa kuhusu Inua Jamii ni maneno mawili: jina halijatoka. Halijatoka wapi? Limekwama kwa chifu, kaunti au Nairobi? Namba ya bure ya kupiga kulalamika ipo, lakini utalalamikia uamuzi gani ambao hukuonyeshwa?

Ajabu ni kwamba barua ile si ya Wazungu peke yao. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 43, inaitaka serikali iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu. Kifungu cha 47 kinampa mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na Bunge lilishatunga sheria ya kukitekeleza mwaka 2015.

Kwa hiyo wewe uliye Leicester, Minneapolis au Doha, ukimtumia mtu wako pesa za matumizi, mwambie na hili: akijibiwa kwamba jina halijatoka, aombe sababu kwa maandishi, na akitaje Kifungu cha 47.