Mguu wa Mama Haukuwa na Uzee

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wangu mimi ni mguu wa mama.

Mama anaishi Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Kwa miaka mingi amepanda na kushuka vilima, mzigo wa vitunguu kichwani, akienda sokoni. Mwaka wa 2022 alinipigia simu nikiwa Nairobi. "Mwanangu, kifundo cha mguu kinaniuma upande wa ndani, na kimefura." Nami kwa haraka za mjini nikamjibu, "Mama, huo ni uzee. Jipake mafuta."

Nilipokwenda nyumbani mwaka uliofuata, nilimkuta akichechemea. Kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa ndani, na wayo umelala chini kama chapati.

Tuliteremka hadi Bungoma. Daktari alimwomba asimame kwa mguu mmoja, ainue kisigino. Wa kulia uliinuka. Wa kushoto ulikataa katakata.

Ndipo nilipopata somo. Ndani kabisa ya shavu la mguu, chini ya minofu ile tunayoiona, mna msuli uitwao tibialisi posteria. Umejishika nyuma ya mifupa miwili iliyo chini ya goti. Huteremka ukawa kano, ukapita nyuma ya kifundo upande wa ndani, kisha ukajishikiza kwenye mifupa ya katikati ya wayo. Kazi yake ni kuugeuza wayo kuelekea ndani, kusaidia kuinua kisigino, na kuushikilia uvungu wa wayo. Kano hiyo ikichakaa, uvungu huporomoka polepole.

"Wanaokuja mapema," daktari alisema, "wengi husaidiwa na mapumziko, mazoezi na kiatu chenye kitu cha kuinua wayo." Sisi tulikuwa tumechelewa. Sasa mama huvaa kiatu kirefu cha kushika kifundo, na habari za upasuaji bado zinazungumzwa.

Hajanilaumu hata siku moja. Angali hunitumia vitunguu kwa matatu, ila sasa ni jirani anayevipeleka stejini.

Msomaji mpendwa, mzazi akikueleza anapoumia, usimjibu kwa umri wake. Mwambie ashike ukuta, asimame kwa mguu mmoja, ainue kisigino. Kisigino kikikataa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.