Tembo wa Tabora Kwenye Skrini Yangu

Dhahabu haishiki kutu. Ifukie miaka mia, ifukue, ioshe tope, iko vile vile. Ndiyo maana uso wa sarafu ya dhahabu una habari nyingi hivyo: karibu kila alama iliyopo hapo iliachwa na mtu. Kuna aliyeirusha kwenye gunia na zingine. Kuna aliyeisugua kwa kitambaa ndio ing'ae. Kuna aliyeichomelea kitanzi akamvisha bibi yake shingoni.

Halafu kuna mtu wa mwisho, yule ambaye wanunuzi humsahau. Aliyeipiga picha.

Mimi hulipwa kuandika maelezo ya sarafu ambazo sijawahi kuzishika. Mteja yuko ng'ambo, anauza kwenye minada ya mtandaoni. Ananitumia picha mbili, mbele na nyuma, namrudishia aya moja. Kazi ni kazi. Nyingi huwa ni za Uingereza na Marekani, na baada ya mwezi mmoja zinaanza kufanana kama matatu za ruti moja. Kisha siku moja akatuma tembo.

Nilimjua huyo tembo. Tabora, 1916, vita vimechacha. Manuari za Waingereza zimefunga pwani na pesa kutoka Ujerumani haziingii. Wajerumani wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, na kwenye karakana ya reli pale Tabora wakapiga sarafu ya rupia 15. Upande mmoja tai wa Kaisari, upande wa pili tembo amenyanyua mkonga mbele ya mlima, chini yake mwaka na herufi T. Gramu saba na kidogo, robo tatu yake dhahabu. Zilitoka takriban 16,000 tu. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji wakauteka mji, hadithi ikaisha.

Sasa, kuna mambo ambayo picha inakupa bure. Sarafu hii ina aina mbili, na unazitofautisha kwa kuangalia pambo la kulia upande wa tai linaishia wapi: chini ya T ya neno OSTAFRIKA, au chini ya A ya kwanza. Hilo hata simu iliyopasuka kioo itakuonyesha. Umbo halifichiki.

Ngozi ndiyo inafichika. Sarafu ikipigwa muhuri, metali inasukumwa kutoka katikati kwenda pembeni, na inaacha mistari midogo sana ambayo macho hayaioni mmoja mmoja. Unachoona ni kazi yake: ukiinamisha sarafu chini ya taa, mwanga unazunguka usoni kama miiko ya gurudumu. Mtu akisugua sarafu, ile mistari inalala. Bado itang'aa, pengine hata kuliko mwanzo, lakini mwanga hauzunguki tena. Umekaa tu hapo, kama tabasamu la picha ya pasipoti.

Sasa shida unaiona. Mng'aro wa kweli ni mwendo, na picha imesimama.

Kwa hivyo unajifunza kusoma pembeni. Mkwaruzo mwembamba huonekana mwanga ukiupiga kwa kuukata. Mwanga ukija sambamba nao, haupo. Taa ikiwekewa kitambaa cheupe ili mwanga usambae, mikwaruzo yote inayeyuka na sarafu inatoka laini kama imepakwa mafuta. Mpiga picha hajadanganya chochote, amechagua tu. Rangi nayo ndiyo usiishike kabisa, maana kila mtu ana filta. Mimi huangalia mizizi ya herufi. Kitambaa hakifiki pale herufi inapokutana na uwanja, kwa hivyo sarafu iliyosuguliwa mara nyingi hubaki na ukanda mwembamba wa ngozi ya zamani kuzunguka maandishi, wakati uwanja wenyewe umekufa. Mstari ukipita juu ya herufi, ukavuka ukingo na kuendelea nje ya sarafu, huo ni wa kasha la plastiki, usipoteze usingizi. Na ukingo wenyewe haupigwi picha karibu kabisa, ilhali ndipo kitanzi cha mkufu huacha kovu.

Hii ya Tabora ina ugumu wake, na ndio naipenda. Ilizaliwa kwa haraka, karakanani, na watu waliokuwa na vita mlangoni. Ukiona manyoya ya kifua cha tai yamefifia, yanaweza kuwa yameliwa na vidole, au hayakuwahi kutoka vizuri siku ya kwanza. Kasoro ya kuzaliwa si sawa na kasoro ya kufanyiwa. Pale muhuri ulipogonga kwa unyonge, ngozi bado iko hai, ina chembechembe. Pale palipochakaa pamekuwa tambarare na pamepoa. Wengi wanaoangalia wanaiadhibu sarafu kwa kosa la kuzaliwa, kisha wanaisamehe ile iliyosuguliwa kwa sababu inang'aa.

Na hilo neno "imesafishwa" lina bei. Kampuni kama PCGS na NGC hutoa gredi kwa kipimo kinachoishia 70, lakini wakishaona sarafu imesuguliwa vibaya wanainyima namba na kuandika kasoro yake kwenye lebo. Thamani inashuka hapo hapo. Hii yangu haikuwa na kasha wala lebo. Ilikuwa na picha mbili laini laini, na mimi.

Upande wa tai ulinipa amani. Upande wa tembo, ule uwanja chini ya tumbo lake ulikuwa mtulivu kupita kiasi, na kuzunguka 1916 kulikuwa na ule ukanda. Nikamwomba mteja video. Akasema picha zinatosha. Nikaomba tena, nikimwambia siwezi kuandika "uso wa asili" bila kuona mwanga ukitembea. Usiku ikaja, sekunde tano, sarafu kati ya vidole viwili ikiinamishwa chini ya taa ya mezani. Kwa tai mwanga ulizunguka vizuri. Kwa tembo ulitoka kwenye mkonga, ukashuka mgongoni, ukafika chini ya tumbo ukakwama. Mistari midogo ikajitokeza yote kwa mkupuo, imeelekea upande mmoja, kama mvua inayopigwa na upepo.

Niliandika sentensi moja: uwanja wa upande wa tembo una dalili za kusuguliwa zamani. Maelezo yalipopandishwa, aina ya pambo ilikuwepo, Sekenke ilikuwepo, reli ilikuwepo. Sentensi ile haikuwepo. Malipo yaliingia yote, siku ile ile, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Nimemwandikia kwamba kuanzia sasa naanza na video, na jina langu halitakaa chini ya maneno "uso wa asili" mpaka niione. Hajajibu. Kodi ni tarehe tano.