Barua za Mchoraji na Mwenye Duka

Karani wa parokia huandika barua nyingi zisizo zake. Mtu huja na karatasi na kalamu, anataja salamu za jamaa wote, mvua na mavuno, na haja yenyewe huitaja mwishoni. Mara nyingi haja hiyo ni fedha. Ndiyo maana nilipenda kusoma habari za barua ambazo Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa, alimwandikia Paul Durand-Ruel, mfanyabiashara wa picha wa Paris. Huyu naye aliomba fedha, tena mara kwa mara!

Walijuana London, walikokimbilia wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia vilivyoanza 1870. Durand-Ruel alizinunua picha zake wakati wengi walipozicheka, hata fedha zikamwishia, akaacha kununua. Mwaka 1881 alianza tena kwa fedha za benki iitwayo Union Générale. Januari 1882 benki hiyo ikaanguka, naye akatakiwa kulipa.

Biashara yao haikuwa ya kutoa picha na kupokea fedha papo hapo. Durand-Ruel alitanguliza fedha, akalipa hata madeni ya rangi, na picha zikafuata baadaye. Kwa hiyo huyu aliandika akitaka fedha, yule akitaka picha. Mimi mshika daftari najiuliza: katika hesabu ya namna hii, ni nani aliye mikononi mwa mwenzake? Mchoraji ana deni, ni kweli, lakini mwenye duka amejaza nyumba picha zisizonunuliwa. Asipozidi kumlisha mchoraji, hata hizo alizo nazo hazitapata bei.

Hapa kwetu yuko mchonga misalaba. Mfanyabiashara mmoja amempa shauri la kupokea arubuni, kisha kila atakachochonga mwaka mzima kiwe chake. Akaniuliza, “Karani, nikubali?” Nikamweleza kwamba Monet, pamoja na deni lake lote, hakukubali kuuza kwa mtu mmoja tu. Mwaka 1885 alionyesha picha zake kwa Georges Petit, mpinzani wa Durand-Ruel, na mwaka 1888 Theo van Gogh, aliyekuwa akisimamia duka jingine, alinunua picha kumi kwa mara moja. Mzee akacheka. “Mwanangu, huyo alikuwa na maduka matatu. Mimi ninaye huyu mmoja.”

Sikuwa na jibu la haraka. Lakini Durand-Ruel naye hakukaa dukani kungoja wanunuzi. Mwaka 1886 alipeleka picha mia tatu hivi New York, za Monet na za wenzake, na huko akapata wanunuzi. Monet alinung'unika kuona kazi zake zikivuka bahari, lakini soko lilikuwa limefunguka. Mwaka 1890 aliinunua nyumba aliyokuwa akipanga huko Giverny, na Mei 1891 picha zake kumi na tano za marundo ya nafaka, zilizoonyeshwa kwa Durand-Ruel huyo huyo, ziliuzwa kwa siku chache.

Basi tukaandika barua, mzee akitaja, mimi nikiandika: arubuni anaipokea, misalaba nusu iwe ya mfanyabiashara, nusu ibaki yake, auze apendapo. Salamu tuliziweka mwisho. Jibu bado halijafika.